Maktaba ya Mtaa: Tuikarabati, Tuijenge Upya, au Tuulize Kwanza Nani Anaingia?



Magharibi ikikaribia, katika nyumba nyingi za kupanga za Kendu Bay, Homa Bay mjini, Awendo na Migori, chumba kimoja hufanya kazi nne. Ni jikoni, ni sebule, ni mahali pa kulala, na kwa mwanafunzi ni darasa la jioni. Mama anasonga ugali, mtoto mchanga analia, redio ya jirani inasikika ukutani, na binti wa kidato cha nne anatafuta pa kuweka daftari lake. Kaka yake akitoka kwenda kusomea chini ya taa ya duka, hakuna amwulizaye. Binti akitoka, wazazi hawapati usingizi, na haki yao. Basi hubaki ndani, akasoma alichoweza, na asubuhi huenda shule na nusu ya kazi.

Tumeanza na binti huyu kwa makusudi. Kila panapozuka mjadala wa maktaba ya mtaa, iwe ni kuikarabati, kuivunja na kujenga upya, au kuianzisha pale isipokuwapo, maneno ya kwanza huwa ya kiwanja, mkandarasi na fedha. Msomaji hutajwa mwisho, na msomaji wa kike huenda asitajwe kabisa. Wiki hii tunaomba mpangilio huo ugeuzwe.

Mtauliza, jarida la watu wa pwani lina nini na Migori na Homa Bay? Jamaa zetu wako huko. Kendu Bay ina jamii ya Waislamu iliyokuwapo tangu zama za ukoloni, yenye misikiti na shule zake, na Migori, mji wa barabara kuu iendayo Isebania na Tanzania, una wafanyabiashara Waislamu wa asili mbalimbali. Tena jambo lenyewe ni letu sote. Maktaba inayotajwa kuwa ya kwanza kwa umma nchini Kenya ilifunguliwa Mombasa, mwaka 1903, kwa jina la Seif bin Salim. Watu ambao mji wao ulitangulia katika jambo hili hawafai kunyamaza linapojadiliwa kwa wenzao wa ziwani.

Mamlaka yamehama

Kwa muda mrefu Wakenya wengi walizoea kwamba maktaba ya umma ni jambo la Nairobi. Huduma ya Maktaba za Kitaifa iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na matawi yake yakaenea mikoani. Mengi yalianza kwa juhudi za wananchi wenyewe: jamii ilitoa ardhi na jengo, Huduma ikaleta vitabu na wafanyakazi. Katika Kaunti ya Migori, tawi la Huduma hiyo liko Awendo, mji wa kiwanda cha sukari.

Katiba ya 2010 ilibadili mambo. Jedwali la Nne limeziweka maktaba katika majukumu ya serikali za kaunti, na Huduma ya Kitaifa imekuwa ikizikabidhi kaunti matawi yake. Msomaji akifungua jedwali hilo ataona jambo la kumfanya atabasamu, au asikitike. Maktaba zimo katika kifungu kimoja na kamari, sinema na leseni za vileo, kwa kuwa vyote vimehesabiwa kuwa mambo ya utamaduni, burudani na huduma za umma. Hatudai kwamba waandishi wa Katiba walikusudia ubaya. Lakini mpangilio huo una matokeo katika bajeti: leseni huingizia kaunti fedha, maktaba hutumia fedha. Vitu viwili vinapokaa katika kifungu kimoja, na kimoja huleta na kingine huomba, kinachoomba kinahitaji mtu wa kukisemea.

Maana yake ni kwamba uamuzi sasa uko karibu nasi. Paa la maktaba likivuja, anayepaswa kuulizwa ni serikali ya kaunti na mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti. Ukaribu huo ni neema kwa anayehudhuria vikao. Kwa asiyehudhuria hauna faida, kwa sababu wengine watamwamulia.

Hoja za pande zote

Tuzipime hoja kwa insafu, kwani kila upande una ukweli wake.

Wako wanaosema: jengo la zamani likarabatiwe, lisivunjwe. Ukarabati kwa kawaida hugharimu kidogo na huchukua muda mfupi. Jengo linajulikana, wazee walilichangia, na watoto wanaijua njia. Zaidi ya hayo, maadamu jengo limesimama na linatumika, ni vigumu kwa mtu kukitamani kiwanja chake. Likishabomolewa na fedha zikakwama, kinachobaki ni uwanja mtupu katikati ya mji, na kila mwenye macho anajua thamani ya uwanja wa namna hiyo.

Wako wanaosema: tujenge upya. Majengo mengi ya zamani yalijengwa kwa ajili ya rafu za vitabu na meza chache, kabla ya tarakilishi na intaneti, na bila kumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Kuweka rangi mpya juu ya ukuta unaomeguka ni kujidanganya. Tena maktaba inahitaji mishahara, umeme na vitabu vipya kila mwaka. Jengo la ghorofa lenye maduka chini na maktaba juu litapata kodi ya kujiendesha, badala ya kungojea bajeti isiyokuja.

Na wako wanaosema: ya nini maktaba, na kila kijana ana simu? Serikali inafungua vituo vya kidijitali. Fedha ziende huko.

Hoja ya simu tunaijibu kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosikika sana. Simu ni chombo cha manufaa, lakini hutumia data inayonunuliwa, na katika familia nyingi simu moja ni ya baba au mama, nayo hurudi nyumbani usiku. Zaidi ya yote, simu haimpi mtu kiti, mwanga wala utulivu. Binti tuliyemtaja hakukosa maandishi peke yake, alikosa mahali. Kituo cha kidijitali kikiwa na meza, ukimya na mlango ulio salama kitakuwa kimekaribia kuwa maktaba, nasi tutakipokea. Kikiwa chumba cha mashine sita na foleni ya wavulana mlangoni, hakitamfaa.

Hoja ya maduka inahitaji tahadhari. Kodi inaweza kweli kuisaidia maktaba. Lakini mpangaji alipaye hupewa nafasi iliyo bora, naye msomaji asiyelipa husogezwa. Leo ni ghorofa ya chini, kesho ni nusu ya ghorofa ya pili. Maktaba ikiwekwa juu bila lifti, bibi mwenye maumivu ya magoti, mama mwenye mtoto mgongoni na mlemavu wameshafungiwa nje. Iwapo njia hiyo itachaguliwa, basi mambo mawili yaandikwe ndani ya mkataba: maktaba iwe ghorofa ya chini, na kodi ya maduka itumike kwa maktaba tu, hesabu yake ikibandikwa ukutani mahali pa kuonekana.

Liko pia swali ambalo michoro ya wahandisi haina jibu lake: wakati wa ujenzi, wasomaji watakwenda wapi? Kwa mkandarasi, kufunga jengo kwa miezi kumi na minane ni sehemu ya ratiba. Kwa anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE, miezi hiyo ndiyo maandalizi yake yote, na hairudi. Mpango wowote usiotaja ukumbi wa muda, hata kama ni darasa la shule ya jirani linalofunguliwa jioni na siku za likizo, haujakamilika.

Funzo la Nairobi

Waumini waliowahi kuswali katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, wameliona jengo la nguzo nyeupe lenye sanamu za simba mlangoni, jirani kabisa na msikiti. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo hutajwa kuwa ya pili kwa ukongwe nchini baada ya ile ya Seif bin Salim. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Milango haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote hadi ukoloni ulipokaribia kwisha. Mwafrika na Mhindi walipita mbele yake kwenda kuswali, wakaiona, wasiweze kuingia.

Baada ya uhuru ugumu ukawa wa namna nyingine. Milango ilikuwa wazi, ila jengo lilichakaa na vitabu vikazeeka. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk, likaingia ubia na Kaunti ya Jiji la Nairobi ili kuikarabati McMillan na matawi yake mawili ya mitaani, Kaloleni na Makadara.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kukarabati ilitangulia katika matawi ya mitaani, mahali watoto wanaposoma wakiwa na viatu vya shule vilivyochakaa, kabla ya jengo kubwa la katikati ya jiji ambalo kila mpiga picha analijua. Wakazi walishirikishwa katika kusema nini kinatakiwa. Pili, walioanzisha ni wanawake ambao hawakungoja kualikwa. Migori na Homa Bay si Nairobi, na fedha hazilingani. Lakini mpangilio wa kuanza na mtaa, na kumwuliza mtumiaji kabla ya kumwita mkandarasi, hauhitaji utajiri.

Funzo la Fez

Kwa Mwislamu, mwanamke aliyeshughulikia nyumba ya vitabu si habari ngeni. Kwa riwaya iliyoenea, Msikiti wa al-Qarawiyyin katika mji wa Fez, Morocco, uliasisiwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri kwa mali aliyorithi, na palipo msikiti huo pakakua chuo na maktaba ambayo ni miongoni mwa zilizo kongwe duniani. Karne zilipita, maktaba hiyo ikaharibika. Mwaka 2012 Wizara ya Utamaduni ya Morocco ilimwita msanifu majengo Aziza Chaouni, mwanamke mzaliwa wa mji huohuo, aikarabati.

Kazi kubwa iliyomkabili haikuwa ya urembo. Unyevu ulikuwa umeingia katika jengo na kuitishia miswada ya karne nyingi, hivyo ilibidi maji yatafutiwe njia yake ya kupita kwanza. Aliyeijenga kwa mali yake alikuwa mwanamke, na aliyeiokoa kwa elimu yake alikuwa mwanamke.

Wenzetu wa ziwani walichukue funzo hilo la maji. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kwa kiwango kisichokuwa cha kawaida, na wakazi wa mwambao wakahama majumba yao. Kwa hiyo katika Kendu Bay, Mbita au Homa Bay mjini, swali la kwanza kuhusu kiwanja cha maktaba liwe: maji yalifika wapi mwaka ule? Vitabu vikishaloa havirudi kama vilivyokuwa.

Mambo ya kuomba, na ya kutoomba

Tunawashauri wanawake wa jamii zetu waingie katika mjadala wakiwa na orodha fupi iliyo wazi. Tunapendekeza hii.

Njia na taa. Maktaba iwe mahali ambapo binti anaweza kufika kwa miguu kupitia njia yenye watu, na njia hiyo iwe na taa. Jengo zuri lililojificha nyuma ya soko lililofungwa halitamfaa.

Saa za kufungua. Maktaba inayofunga saa kumi na moja jioni humhudumia asiyekuwa na kazi wala shule. Wanafunzi hutoka shule saa hiyo. Afadhali ifunguliwe kwa kuchelewa asubuhi na kufungwa baada ya Isha, na siku za Jumamosi ifanye kazi kutwa.

Choo safi cha wanawake, chenye maji na mlango unaofungwa. Jambo hili huonekana dogo kwenye mchoro, lakini ndilo linaloamua kama msichana atakaa saa tatu au nusu saa.

Pembe ya watoto, ili mama aje na wadogo badala ya kubaki nyumbani kwa sababu yao, pamoja na chumba kidogo ambamo mama yeyote anaweza kunyonyesha na mtu yeyote akaswali au akatulia.

Tumesema mama yeyote na mtu yeyote kwa kukusudia. Katika kaunti hizi mbili Waislamu ni wachache, na maktaba ya umma ni ya Mjaluo, Mkuria, Msuba, Msomali na Mswahili, wa dini zote. Tukiomba chumba chetu peke yetu, tutakuwa tumeigawa nyumba ya wote, na tutawapa wengine sababu ya kusema kwamba tunavuta upande. Tukiomba kinachomfaa kila mama, tutapata washirika makanisani na sokoni, nasi tutanufaika pamoja nao. Vitabu vya dini vya kila upande vipate rafu yake. Madrasa zetu tutaziendesha wenyewe.

Lugha. Rafu ziwe na vitabu vya Kiswahili na Kidholuo, na vya Kikuria na Kisuba vikipatikana, si vitabu vya mitihani vya Kiingereza pekee. Bibi anayesoma lugha yake naye ni msomaji.

Visiwa. Homa Bay ina Rusinga, iliyounganishwa na Mbita kwa daraja, na Mfangano ambako watu huenda kwa mashua. Jengo moja mjini, hata likiwa la fahari, haliwafikii. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Ikiwa ngamia aliweza kubeba maktaba jangwani, makasha ya vitabu yanaweza kupanda mashua.

Hati. Kabla ya tofali lolote kuondolewa, wananchi waonyeshwe hati ya kiwanja, na ihakikishwe kwamba imeandikwa kwa jina la umma. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka hizo.

Kalenda ya mwenye kutaka kusikilizwa

Ushiriki wa umma si hisani ya gavana. Umo katika Katiba, nayo mabunge ya kaunti yanabanwa na Ibara ya 196. Lakini haki hii ina tarehe zake, na wengi hufika wakati mlango umeshafungwa.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Huo ndio wakati wa kuliingiza jina la maktaba. Waraka wa mkakati wa fedha hutoka kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Anayeamka Juni akilalamika kwamba maktaba haikutengewa fedha amechelewa.

Vikao hivi mara nyingi hufanywa asubuhi siku za kazi, wakati mama yuko sokoni, shambani au jikoni. Kwa hiyo yafaa kikundi cha akina mama, kiwe cha chama cha kuweka akiba au cha darsa, kichague wawili wa kwenda, na wengine wawabebee kazi zao siku hiyo. Waende na barua iliyoandikwa na kutiwa saini, wamkabidhi karani wa Bunge la Kaunti nakala moja, na nakala nyingine wagongewe mhuri warudi nayo. Neno lililosemwa kikaoni husahaulika. Barua yenye mhuri hudai jibu. Na maombi yakikubaliwa, kila mwaka mtu aende aulize yamefika wapi.

Tusiache pia mkono wetu. Waislamu wa zamani waliweka vitabu wakfu, wakaandika ndani yake kwamba visiuzwe wala kurithiwa. Familia yenye kabati la vitabu vilivyosomwa na watoto ambao sasa ni wakubwa inaweza kuvitoa, kwa maandishi na orodha, ili visipotee mikononi mwa mlinzi wa zamu. Mwenye uwezo atoe meza, taa ya jua au viti kumi. Hilo haliiondolei kaunti wajibu wake, ila anayetoa kiti husikilizwa zaidi anapouliza habari za paa.

Tuikarabati au tuijenge upya? Jibu litatofautiana kati ya Awendo na Kendu Bay, na kati ya Migori na Mbita, kwa kadiri ya hali ya kuta, kiwanja na fedha. Wenyeji ndio watakaoamua. Sisi tunaomba kipimo kiwe kimoja. Mchoro wowote utakaoletwa mezani uulizwe hivi: binti wa chumba kimoja, saa moja usiku, atafika? Ataruhusiwa na wazazi wake? Atapata kiti, mwanga na choo? Atarudi nyumbani salama? Mchoro ukijibu ndiyo mara nne, uungwe mkono hata kama ukuta ni wa zamani. Ukishindwa, urudishwe kwa mwandishi wake, hata kama una ghorofa tano na vioo.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu, na atujaalie kuwa miongoni mwa waliosaidia kuifungua. Amin.